Kalenga kwa Mkwawa na maeneo ya jirani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayekuja Iringa akiwa na siku moja, mbili au tatu, na anataka kuona makao ya Mtwa (yaani chifu wa Wahehe) Mkwawa kando ya Mto Ruaha Mdogo pamoja na yaliyo karibu nayo. Viingilio hatukuviandika kwa kuwa hubadilika. Ulizia mlangoni, ulipe, udai risiti.

## Mambo ya mwanzo

Kalenga iko wapi hasa?

Ni kijiji kilicho umbali wa kilometa 15 hivi kutoka Iringa mjini, kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kipo ukingoni mwa Ruaha Mdogo, mto ule ule unaopita Ipogolo chini ya mji. Maji yake hutoka nyanda za Mufindi, huingia Ruaha Mkuu, na mwisho hufika Rufiji na Bahari ya Hindi.

Angalizo kwa wanaotafuta kwa simu: Kalenga pia ni jina la jimbo la uchaguzi, nalo ni kubwa. Unachotafuta wewe ni kijiji na makumbusho. Ukisema "kwa Mkwawa", dereva yeyote wa Iringa ameshaelewa.

Pana nini cha kihistoria?

Hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, anayejulikana zaidi kwa jina la Mkwawa. Baba yake alifariki mwaka 1879, na baada ya mvutano wa urithi Mkwavinyika ndiye aliyebaki na utawala wa Wahehe. Kalenga akaizungushia ukuta mkubwa, ngome iliyoitwa Lipuli. Wapenda soka wanalijua jina hilo kutokana na timu ya Lipuli ya Iringa.

Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake liliuvizia msafara wa Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski, ambaye watu wa huku walimwita Nyundo. Wajerumani walichukua miaka mitatu kujipanga. Oktoba 1894 walikuja chini ya gavana wao, Friedrich von Schele, wakaipiga Kalenga kwa mizinga, na tarehe 30 mwezi huo wakaingia ndani ya ngome. Mkwawa hawakumpata. Aliendelea kupigana kwa kuvizia porini hadi Julai 1898.

Ngome bado imesimama?

Hapana, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujapanda gari. Ukuta ulibomolewa. Kilichobaki ni mabaki ya hapa na pale, mengine yakiwa katikati ya nyumba na mashamba ya watu, na bila mwenyeji utayapita bila kujua. Anayekuja akitarajia magofu kama ya Kilwa Kisiwani, au kuta ndefu kama za Ngome Kongwe ya Unguja, atarudi akinung'unika. Kalenga ni mahali pa kusikiliza zaidi ya kutazama. Ndiyo maana tunasisitiza sana suala la mwongozaji (tazama "Lazima nichukue mwongozaji?").

Kwa nini alijenga bondeni kando ya mto badala ya juu kilimani?

Makao makuu yalihitaji maji ya watu na ng'ombe mwaka mzima, na huku mvua hunyesha msimu mmoja tu. Bonde la Ruaha Mdogo lina maji na udongo mzuri wa kulima. Dhidi ya maadui aliowajua Mkwawa, wenye mikuki na bunduki za kushindilia, ukuta mrefu wa mawe na udongo ulitosha.

Lakini simama ukingoni kisha inua macho. Bonde limezungukwa na miinuko, na wenyeji husimulia kwamba mizinga ilipigwa kutoka upande wa Tosamaganga. Ukuta ule haukujengwa kwa ajili ya mizinga. Dakika tano za kusimama pale zitakueleza habari za mwaka 1894 vizuri zaidi ya maelezo ya ubaoni.

## Kufika na kuzunguka

Nitafikaje Iringa, na kutoka hapo hadi Kalenga?

Kwa basi. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilometa 500 kupitia Morogoro, Mikumi na mlima wa Kitonga. Hesabu siku nzima, maana Kitonga malori yakikwama, basi nawe umekwama. Kutoka Dodoma ni lami kupitia bwawa la Mtera, na kutoka Mbeya unapita Makambako na Mafinga. Stendi kubwa ya mabasi ipo Igumbilo, chini kwenye barabara kuu, kwa hiyo utahitaji daladala, bajaji au bodaboda kupanda mjini.

Kutoka mjini kwenda Kalenga kuna magari ya abiria. Yanaondoka yakijaa, na asubuhi yanajaa haraka zaidi. Mkiwa watatu au wanne, bajaji ya kukodi kwenda na kurudi ina nafuu, mradi mkubaliane bei kabla ya kuondoka na mwambie dereva kwamba mtakaa saa mbili. Asipojua hilo ataanza kupiga honi mkiwa bado kaburini.

Gari dogo linafika?

Kalenga, Lugalo na Isimila (penye zana za kale za mawe) linafika bila shida wakati wa kiangazi. Mlambalasi, lilipo kaburi la Mkwawa, ni njia ya vumbi, na masika huwa tope; tafuta gari la juu.

Lazima nichukue mwongozaji?

Kwenye makumbusho yupo mhudumu atakayekueleza. Kwa kuzunguka kijijini kuona mabaki ya ukuta, mto na makaburi, muombe akutembeze au akutafutie mtu. Tunasema ni lazima, ingawa hakuna atakayekukatalia ukienda peke yako. Kule mabaki yapo ndani ya maeneo ya watu, na mgeni anayechungulia uani kwa mtu na simu mkononi haeleweki. Mpe mwongozaji ahsante yake mwishoni. Kiingilio ulicholipa mlangoni hakiendi mfukoni mwake.

## Ndani ya makumbusho

Nitaona nini?

Nyumba ni ndogo, na vitu vyake vinahesabika: mikuki, ngao, marungu, bunduki, vigoda na vyombo vya nyumbani, picha na maelezo ya ukoo wa watwa, na katikati ya yote fuvu la Mkwawa ndani ya sanduku la kioo. Nje kuna makaburi ya ukoo, likiwemo la Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, aliyekuwa Spika wa Bunge la Tanzania kwa miaka mingi. Jirani kuna pia kaburi la afisa wa Kijerumani aliyeuawa siku ngome ilipovamiwa. Wageni wengi hulipita hilo la mwisho. Usilipite, maana linaonyesha kwamba hata siku ile Wahehe hawakukubali kirahisi.

Fuvu lilikwendaje Ujerumani na likarudije?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote.

Serikali ya Kijerumani ilitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta Mkwawa akiwa hai au amekufa. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa karibu na Mlambalasi, alijipiga risasi ili asikamatwe. Sajini Merkl alipofika alikuta maiti. Kichwa kikakatwa kikapelekwa kambini Iringa, na baadaye fuvu likapelekwa Ujerumani. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi, na hadi leo kaburi lake lipo huko. Kwa hiyo ukisikia wengine wanasema Mkwawa yuko Kalenga na wengine Mlambalasi, wote wako sahihi kwa nusu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani, katika kifungu cha 246, ilirudishe fuvu hilo ndani ya miezi sita. Kifungu hicho hicho kilidai pia msahafu wa Khalifa Othman. Ndivyo Mhehe wa Kalenga alivyoingia kwenye karatasi moja na khalifa wa Madina. Wajerumani walijibu kwamba hawajui fuvu liko wapi, na miaka zaidi ya 30 ikapita.

Aliyelifuatilia ni Edward Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika. Mwaka 1953 alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu yalikuwa mengi sana, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya ndugu wa Mkwawa, na kwa alama ya tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 alimkabidhi Chifu Adam Sapi hapo Kalenga mbele ya umati wa Wahehe.

Lakini kweli ni lake?

Wapo wanahistoria wanaotilia shaka, na hoja yao ina uzito, kwa sababu vipimo vya mfupa na tundu la risasi havitoshi kumtambua mtu mmoja kati ya mamia ya mafuvu. Kumbuka pia mwaka wenyewe. Waingereza mwaka 1954 walikuwa na vita vya Mau Mau jirani hapo Kenya, na gavana alikuwa na kila sababu ya kutaka machifu wawe upande wake.

Upande wa pili, ukoo ulilipokea, ukalifanyia yanayostahili, na umelitunza miaka yote hii. Mgeni hana kazi ya kuliamua hilo mbele ya kioo. Uliza ukipenda, kwa adabu. Wahudumu wamelizoea swali na wengine hulijibu vizuri sana.

Ninaweza kupiga picha?

Omba ruhusa kwanza, hasa kwa fuvu. Wakikubali, usijipige nalo picha ukicheka. Vua kofia, shusha sauti. Yule ni babu wa watu wanaoishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Nje, piga upendavyo, isipokuwa watu, nao waombwe.

Nitumie muda gani?

Ndani, dakika 40 zinatosha. Ukiongeza makaburi, mabaki ya ukuta na kushuka mtoni, saa mbili hadi tatu. Magari mengi ya watalii wanaokwenda hifadhini husimama robo saa tu, watu wanaangalia fuvu kisha wanaondoka. Kama ratiba yako ni hiyo, kwa maoni yetu bora upite tu, usimame siku ya kurudi ukiwa na nafasi.

## Maeneo ya jirani

Niyaone maeneo ya Mkwawa kwa mpangilio gani?

Yafuate kama mambo yalivyotokea: Lugalo (1891), Kalenga (1894), Mlambalasi (1898). Ukianza na fuvu, utakuwa umeanza hadithi mwishoni, na Lugalo itakuwa mnara tu kando ya barabara. Ukianza na Lugalo, utafika Kalenga ukijua kwa nini Wajerumani walikuja na mizinga.

Anayetoka Dar kwa gari binafsi amebahatika, kwani Lugalo anaikuta kabla ya kufika mjini. Alale Iringa, asubuhi aende Kalenga, kisha aendelee Mlambalasi ambayo ipo upande huo huo wa barabara ya hifadhini. Siku mbili zinatosha bila kukimbizana.

Lugalo kuna nini?

Ipo kama kilometa 25 kutoka mjini kwenye barabara ya Morogoro. Utakuta mnara uliojengwa na Wajerumani kuwakumbuka wenzao waliouawa. Zaidi ya askari 200 Waafrika waliokuwa kwenye msafara ule walikufa pia, na Wahehe nao walipoteza watu. Tazama vichaka na mawe ya eneo lile, uone jinsi msafara uliotembea kwa mstari mrefu ulivyoweza kukatwa vipande ndani ya muda mfupi. Jina hili ndilo lililopewa kambi ya jeshi ya Lugalo, Dar es Salaam. Nusu saa inatosha.

Mlambalasi ni kaburi tu?

Si kaburi tu. Ipo kama kilometa 50 kutoka Iringa. Kuna kaburi la Mkwawa, na juu yake kilimani kuna mwamba wenye pango ambamo watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Alberta cha Kanada, wamechimba na kukuta zana za mawe, shanga za maganda ya mayai ya mbuni na mifupa ya watu walioishi maelfu ya miaka kabla ya Mkwawa. Kupanda kwenye mwamba si kwa ndara. Beba maji, na usiende bila mwenyeji.

Na Isimila?

Hiyo ni habari nyingine kabisa, na ukiweza ipe nusu siku yake. Ipo kama kilometa 20 kutoka mjini, barabara ya Mbeya. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipita njiani kwenda Afrika Kusini aliokota shoka za mawe korongoni. Uchimbaji mkubwa ukafanyika mwaka 1957 na 1958 chini ya Clark Howell. Zana zile zina umri unaokadiriwa kuwa zaidi ya miaka 200,000, na pamoja nazo ilipatikana mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka duniani. Kiboko kwenye korongo kavu? Zamani palikuwa na ziwa dogo, na watu wale walitengeneza shoka zao ukingoni mwa maji.

Ukishaona zana, shuka kwenye nguzo za udongo. Ni minara mirefu iliyochongwa na mvua na upepo; tabaka la juu lililo gumu limekinga udongo ulio chini yake, na pembeni kote kumemomonyoka. Nenda asubuhi au baada ya saa kumi. Saa saba mchana korongo ni tanuri, na picha hazina rangi. Masika korongo hupitisha maji. Mhudumu akisema leo hatushuki, msishuke.

Mjini kwenyewe kuna la kuona?

Lipo. Anza na Makumbusho ya Boma, jengo la enzi za Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Maelezo yake yamepangwa vizuri kuliko ya Kalenga, na kama una saa moja tu mjini, itumie hapo. Neema Crafts, karakana iliyoanza mwaka 2003 ambako watu wenye ulemavu hufuma, hushona na kutengeneza karatasi, ina mgahawa pia. Jioni panda Gangilonga, mwamba ambao Wahehe husimulia ulizungumza, na ambako Mkwawa inasemekana alikaa kutafakari. Panda mkiwa wengi na mshuke kabla ya giza. Igeleke, upande wa barabara ya Dodoma, ina michoro ya miambani. Imefifia, lakini kwa anayependa mambo hayo ni karibu na haina msongamano.

Niunganishe na Hifadhi ya Ruaha?

Ndiyo, njia ni hiyo hiyo. Kutoka Iringa hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilometa 130. Usijaribu kwenda na kurudi siku moja huku ukisimama Kalenga na Mlambalasi. Lala Tungamalenga, kijiji cha mwisho chenye nyumba za wageni kabla ya geti, uingie hifadhini alfajiri.

## Msimu, chakula, malazi

Nije lini?

Mvua huanza mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Juni hadi Oktoba ni kikavu, njia zote zinapitika. Ila Juni na Julai Iringa ni baridi kweli. Mji upo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ndugu zetu wa Pwani huja na shati la mikono mifupi, kesho yake tunawaona sokoni wanachagua masweta ya mitumba.

Kalenga kuna pa kula na kulala?

Vibanda vya chai na chakula vipo. Kulala, rudi mjini, ambako gesti na hoteli zipo za kila bei. Ukija masika utakutana na ulanzi, pombe ya mianzi. Wa asubuhi ni mtamu na mwepesi. Uliokaa hadi jioni ni mkali, na mgeni huwa hatofautishi mpaka ajaribu kusimama. Kama wewe ndiye dereva, nunua mahindi ya kuchoma.

## Mambo ya pembeni

Nina saa mbili tu kati ya basi na basi. Niende?

Usiende Kalenga. Nenda Boma.

Naleta wanafunzi 60. Wataenea?

Ndani hawaenei kwa pamoja. Toa taarifa mapema, njoo na barua ya shule, na wagawe makundi matatu: moja ndani, moja makaburini, moja mtoni pamoja na mwalimu. Wa darasa la tatu au la nne waandae kuhusu fuvu kabla ya kufika, maana kuna watakaoogopa usiku.

Mzee wangu hatembei vizuri. Ataweza?

Kalenga ataweza, kwa kuwa gari linafika karibu na nyumba na hakuna kupanda. Lugalo pia. Isimila ataona zana zilizo juu lakini asishuke korongoni. Mlambalasi ataona kaburi na kuwasubiri nyie mnaopanda mwambani.

Tunaweza kuoga mtoni?

Tunashauri hapana. Masika maji huja kwa nguvu, na kiangazi, penye maji yaliyotulia, kuna hatari ya kichocho. Wenyeji wakiwa wanafua au kunywesha ng'ombe, salimia "kamwene" uendelee na safari yako.

Naruhusiwa kurusha droni au kufanya utafiti?

Vyote vinahitaji vibali, na vibali havipatikani mlangoni. Mtafiti aanzie COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na idara ya Mambo ya Kale, kisha ofisi ya mkoa, kisha ajitambulishe kijijini. Anayeanzia kijijini hurudishwa.

Nimeona jiwe zuri Isimila, limezagaa tu. Nichukue moja?

Hapana, hata dogo. Linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na jiwe lililoondolewa mahali pake halimwambii tena mtafiti lolote kuhusu tabaka lilimotoka. Likikuvutia, mwite mhudumu akueleze lilikuwa la kazi gani: la kuchunia ngozi, la kupasulia, au la kupondea. Kisha liache pale pale.